Nani hupanga foleni ya miradi katika nchi ndogo ya visiwa?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanajeshi wa Marekani walichimba mashimo katika kisiwa cha Fongafale, huko Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, wakitafuta kifusi cha matumbawe cha kujengea uwanja wa ndege. Uwanja ukapatikana, vita ikaisha, wanajeshi wakaenda zao, mashimo yakabaki. Yakajaa maji ya chumvi, kisha takataka. Na kwa kuwa kisiwa chenyewe hakifiki nusu kilomita kwa upana hata pale kinapopanuka zaidi, familia zilizokosa kiwanja zikajenga ukingoni mwa mashimo yaleyale. Yalikuja kufukiwa mwaka 2015, kwa fedha za Nyuzilandi na mchanga uliofyonzwa kutoka sakafu ya bahari upande wa ndani wa kisiwa. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 70, na Tuvalu ilikuwa nchi huru tangu 1978.

Hakuna mkazi wa Funafuti aliyehitaji utafiti wa kumwambia kwamba mashimo yale ni tatizo. Lakini hebu jaribu kuyaandikia mradi. Ni suala la taka? La afya? La ardhi? La makazi? La fidia ya vita? Ni hayo yote kwa mpigo, na naamini ndiyo maana yalichukua muda mrefu hivyo: hapakuwa na dirisha la mfadhili, yaani fungu la fedha lenye masharti yake, ambalo yangepita bila kukwama mlangoni.

Nchi ndogo za visiwa hazina upungufu wa orodha za vipaumbele. Zina mkakati wa taifa wa bioanuwai, mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, mchango wa taifa chini ya Mkataba wa Paris wa tabianchi, mpango wa maendeleo, na mara nyingine sera ya uchumi wa buluu juu yake. Nyingi ya nyaraka hizo zimeandikwa vizuri. Tatizo ni kwamba siyo zinazoamua. Foleni halisi ya miradi hupangwa na mambo mawili ambayo hayamo katika orodha hizo: umbo la madirisha ya wafadhili, na idadi ya watu waliopo ofisini kuibeba kazi. Serikali isiyokiri hivyo huishia kuidhinisha kila kinacholetwa mezani, kisha hukiita kipaumbele baada ya kukiidhinisha.

Tuanze na madirisha. Mfuko wa Mazingira Duniani, GEF, ndio mlango mkongwe kuliko yote. Ulianza kwa majaribio 1991 na kuundwa upya 1994. Tangu mzunguko wake wa tano, ulioanza 2010, hutumia kanuni ya mgawo: kila nchi hupewa kiasi fulani kwa miaka minne kwa kuangalia manufaa ya mazingira ambayo dunia inaweza kuyapata kupitia nchi hiyo, rekodi yake ya utendaji, na pato la mtu mmoja. Kwa nchi ndogo kanuni hiyo ingetoa karibu na sifuri, hivyo kikawekwa kiwango cha chini. Katika mzunguko ule wa tano kilikuwa dola milioni 2 za Marekani kwa tabianchi, milioni 1.5 kwa bioanuwai na nusu milioni kwa ardhi iliyoharibika. Jumla milioni 4, kwa miaka minne. Wastani wa dola milioni moja kwa mwaka, kwa nchi ambayo bahari inaibomoa.

Sasa tazama lile fungu la tabianchi, kubwa kuliko yote matatu. Ndani ya mgawo huo, fedha za tabianchi ni za kupunguza hewa ukaa. Fedha za kuhimili, yaani za kuta za bahari, maji na mazao yanayostahimili chumvi, hutoka kwenye mifuko mingine yenye foleni zake na fomu zake. Nchi zote ndogo za visiwa zinazoendelea, ukizijumlisha, hutoa chini ya asilimia 1 ya hewa ukaa ya dunia. Kwa hiyo taifa la watu wapatao 11,000 kama Tuvalu lilikuta fungu lake nono zaidi limeandikiwa jambo ambalo hata likifanywa kwa ukamilifu halitashusha joto la dunia kwa kiasi cha kupimika.

Sisemi kwamba fedha hizo hazikuwa na kazi. Visiwa vingi huzalisha umeme kwa dizeli inayosafirishwa mbali, na kila lita inayookolewa na paneli za jua ni fedha za kigeni zinazobaki nyumbani. Ila hiyo ni hoja ya uchumi iliyovalishwa nguo za tabianchi ili ipite. GEF wenyewe waliliona hilo mapema: katika mzunguko uleule, nchi ambayo mgawo wake wote haukuzidi dola milioni 7 iliruhusiwa kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine. Kanuni hiyo haizungumzwi sana, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko warsha zote za kupanga vipaumbele. Inampa afisa wa nchi ndogo haki ya kusema, "Haya mafungu matatu nayafanya moja."

Dirisha lina tabia nyingine inayouma zaidi. GEF hulipia manufaa ya dunia nzima. Ndege asiyepatikana kwingine popote ana dirisha. Msitu una dirisha. Dampo lililo mita chache kutoka kwenye maji ya pwani, ambalo watoto hupita kando yake kila siku, lilikuwa gumu kulipatia dirisha hadi pale lilipoweza kuelezwa kwa lugha ya kemikali zenye sumu zinazodumu na zebaki, ambazo zina mikataba yao ya kimataifa. Katika mzunguko wa saba ndipo ukaja mpango maalumu wa kemikali na taka kwa nchi zaidi ya 30 za visiwa. Ni hatua nzuri iliyochelewa, na ilikuja kwa sababu visiwa vilipiga kelele pamoja kwa muda mrefu, siyo kwa sababu taka zilianza kuonekana mwaka huo.

Na kuna taka ambazo hata si zako. Aldabra, kisiwa cha mbali cha Shelisheli kilichomo katika Urithi wa Dunia tangu 1982, hakina mji wala kiwanda. Kina kobe wakubwa wapatao 100,000. Mwaka 2019 kikosi cha kujitolea kilikusanya huko tani 25 za plastiki kwa wiki tano, nyingi kwa uzito zikiwa zana za uvuvi zilizotupwa au kupotea baharini. Watafiti wakakadiria kwamba zimebaki tani zaidi ya 500, na kwamba kuziondoa zote kungegharimu takriban dola milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi. Je, Shelisheli yenye watu wapatao 100,000 iweke jambo hilo juu au chini katika orodha yake? Ukilipima kwa manufaa ya dunia, juu kabisa. Ukilipima kwa haki, aliyetupa nyavu ndiye alipe. Ukilipima kwa mahitaji ya mama wa kisiwa cha Mahé ambaye kila masika anahofia mlima kuporomokea nyumba yake, liko mbali sana. Hakuna kanuni ya hesabu inayoweza kuzipatanisha pande hizo tatu. Ni uamuzi wa kisiasa, na ungefaa ufanywe kwa uwazi na watu waliochaguliwa, badala ya kujificha katika jedwali la alama lililotengenezwa na mshauri mwelekezi.

Jambo la pili ni watu. Hapa ndipo wachambuzi wengi hupita haraka, mimi nitakaa kidogo.

Wizara ya mazingira ya nchi kubwa ina idara ya bioanuwai, idara ya tabianchi, idara ya kemikali na kitengo cha kila mkataba. Nchi ya visiwa yenye watu elfu kumi au laki moja imetia saini mikataba ileile, yenye ripoti zilezile, kwa ofisi ambayo mtu mmoja hushika mikataba mitatu. Kila mradi mpya, hata uwe wa dola laki tatu, unakuja na kamati yake ya uendeshaji, ripoti zake za robo mwaka, ukaguzi wake wa hesabu, tathmini ya kati na tathmini ya mwisho, na wageni wanaohitaji kupokewa. Gharama hiyo haimo katika bajeti ya mtu yeyote. Inalipwa kwa saa za afisa yuleyule, ambaye pia ndiye anayetakiwa kwenda mikutano ya nje, maana asipokwenda nchi haitasikika.

Hivyo ukitaka kujua kipaumbele cha kweli cha nchi ya namna hiyo, usisome mkakati. Soma kalenda ya afisa huyo. Utaona kwamba kipaumbele cha kwanza ni kuandika ripoti za miradi iliyopo, cha pili kuandaa maandiko ya miradi ijayo, na cha tatu, muda ukibaki, ni mazingira.

Kwa kawaida andiko lenyewe haliandikwi na serikali. GEF hupitisha fedha kwa mashirika 18 yaliyoidhinishwa, yakiwemo ya Umoja wa Mataifa, benki za maendeleo na taasisi kubwa za uhifadhi, na kwa mradi mdogo shirika hulipwa ada ya asilimia 9.5 ya ruzuku. Sioni ubaya katika ada. Kazi ya usimamizi ni kazi. Lakini shirika linaloishi kwa ada lina sababu ya kuja na wazo lililokwisha kupikwa, lililofaa nchi nyingine mbili, likabadilishwa jina la kisiwa. Linachohitaji kutoka kwa serikali ni barua moja ya kuridhia, yenye saini ya afisa mratibu wa kitaifa. Bila barua hiyo hakuna mradi.

Barua hiyo ndiyo nguvu pekee kamili iliyo mikononi mwa nchi ndogo katika mfumo mzima. Hawezi kuitoa mtu wa Washington, wala wa Nairobi, wala wa New York. Inashangaza jinsi inavyotolewa kwa urahisi. Afisa hapendi kuonekana amekataa fedha. Waziri hapendi kuulizwa kwa nini nchi maskini imekataa msaada. Na mwaka wa mwisho wa mzunguko ukikaribia, hofu ya mgawo kupotea humfanya kila mtu atie saini chochote kilicho tayari. Wenye wazo la kweli lakini wasio na mwandishi hubaki nje, kama mashimo ya Funafuti.

Sasa tuwaangalie waliojaribu kutoka katika mtego huo, kila mmoja kwa njia yake.

Shelisheli ndiyo mfano unaotajwa mno, na nautaja nami kwa sababu tofauti kidogo. Mwaka 2015 ilifikia makubaliano ya kununua tena kwa punguzo sehemu ya deni lake la nje, dola milioni 21.6, kwa msaada wa taasisi ya uhifadhi ya The Nature Conservancy. Kwa kubadilishana, iliahidi kupanga matumizi ya bahari yake yote na kulinda asilimia 30 yake. Machi 2020 ahadi hiyo ikatimizwa kwenye karatasi: zaidi ya kilomita za mraba 400,000 za bahari zikatangazwa kuwa maeneo ya hifadhi. Katikati ya hapo, Oktoba 2018, ilitoa hatifungani ya buluu, yaani ya kukopa fedha kwa ajili ya kazi za bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza duniani kutolewa na taifa, ikiwa na dhamana ya dola milioni 5 kutoka Benki ya Dunia na mkopo nafuu wa milioni 5 kutoka GEF.

Magazeti yalisifia ukubwa wa eneo la hifadhi. Mimi naona kilichobadilika hasa ni kwamba nchi ilipata mfuko wake yenyewe, SeyCCAT, wenye bodi ya wajumbe wa serikali na wasio wa serikali, unaotangaza mwito wa maombi, unaochagua, na ambao mtu wa visiwa vya Praslin au La Digue anaweza kwenda kuugongea mlango. Malipo ya deni ambayo serikali ingepeleka Ulaya sasa yanapita katika mfuko huo, na sehemu huwekezwa ili uendelee kuishi. Dola milioni 3 za hatifungani zikaelekezwa huko kwa ajili ya ruzuku, na milioni 12 kwenye benki ya maendeleo ya nchi kwa ajili ya mikopo. Foleni ya miradi ikaanza kupangwa Victoria, mji mkuu wa nchi yenyewe.

Mfuko huo ulikuja wakati mwafaka mno. Januari 2018 Shelisheli iliondolewa katika orodha ya nchi zinazostahili kupokea misaada rasmi ya maendeleo kwa sababu pato lake la mtu mmoja lilivuka mstari wa nchi tajiri. Visiwa vya Cook vikafuata 2020. Bahari haikupewa taarifa kwamba nchi hizo zimetajirika. Mwezi Agosti 2024 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kipimo kipya cha udhaifu wa nchi kinachotazama hatari badala ya pato peke yake, lakini kipimo hicho hakimlazimishi mfadhili yeyote. Kwa hiyo nchi ya visiwa inayopanga miradi ya mazingira kwa kudhani kwamba misaada itaendelea kuwepo inapanga juu ya mchanga.

Ila nisije nikaipamba Shelisheli kupita kiasi. Hatifungani ni deni. Italipwa na walipa kodi, iwe samaki waliongezeka au la. Na kulinda asilimia 30 ya bahari kwa tangazo ni jambo moja. Kuwa na meli, mafuta na mabaharia wa kuilinda ni jambo jingine ambalo halina hatifungani.

Kiribati ndiyo inayonifundisha zaidi, hasa kwa sababu iligeuka. Hifadhi ya Visiwa vya Phoenix, kilomita za mraba 408,250, iliwekwa kisheria 2008, ikaingia Urithi wa Dunia 2010, na uvuvi wa kibiashara ukapigwa marufuku humo kuanzia Januari 1, 2015. Ilikuwa sifa ya dunia. Wazo lilikuwa kwamba mfuko wa amana ungefidia mapato ya leseni za uvuvi ambayo nchi imeyaacha, na leseni hizo ndizo uti wa mgongo wa bajeti ya serikali. Fidia haikuwahi kukaribia kilichopotea. Novemba 2021 serikali ikatangaza kwamba itaifungua tena. Wahifadhi walikasirika, na nawaelewa. Lakini serikali yenye shule na zahanati katika visiwa vilivyotawanyika maelfu ya kilomita haikuwa imetoa zawadi. Ilikuwa imekubali biashara, na upande wa pili haukulipa bei. Kipaumbele kilichowekwa kwa fedha za wengine hudumu kadiri fedha hizo zinavyodumu.

Komoro wanalijua hilo kwa kiwango kidogo zaidi. Hifadhi ya kisiwa cha Mwali, ya kwanza nchini humo, iliundwa 2001 kwa kushirikiana na vijiji, wakati huo ikitazamwa kama mfano wa kuigwa. Fedha za mradi zilipokwisha, doria na mishahara vikapwaya kwa miaka kadhaa hadi wafadhili wengine walipojitokeza. Kasa hawakuacha kupanda ufukweni Itsamia kutaga mayai katika kipindi hicho, wala wawindaji hawakuacha.

Na Tuvalu yenyewe, baada ya mashimo? Mwaka 2016 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wenye makao yake Songdo, Korea Kusini, uliidhinisha dola milioni 36 kwa ajili ya kulinda pwani. Tuvalu ina visiwa tisa. Fedha zilitosha visiwa vitatu: Funafuti, Nanumea na Nanumaga. Nui, kilichopigwa vibaya na mawimbi ya kimbunga Pam mwezi Machi 2015, hakimo. Kuna sababu zinazoeleweka. Zaidi ya nusu ya Watuvalu wanaishi Funafuti, na kupeleka mitambo ya kuchimba mchanga kila kisiwa ni gharama kubwa. Lakini kuchagua kisiwa katika nchi ya visiwa ni kuchagua watu wenye majina, ambao wabunge wao wanakaa chumba kimoja na waziri. Hakuna mwongozo wa mfadhili unaomsaidia waziri hapo. Mchanga wenyewe ulianza kumwagwa Funafuti 2022, miaka sita baada ya idhini, na ukazaa zaidi ya hekta 7 za ardhi mpya iliyoinuliwa. Ni kazi kubwa na nzuri. Ni miaka sita pia, na muda wote huo wataalamu wachache wa nchi hiyo walikuwa wamefungwa na mradi huo.

Kutokana na haya yote, msimamo wangu ni kwamba nchi ndogo ya visiwa ifanye jambo moja kubwa kwa kila mzunguko wa miaka minne, na ikatae yaliyobaki. Iunganishe mafungu yake inaporuhusiwa, ichague kile ambacho kikisubiri miaka minne hakitarudi tena, na ihakikishe kabla ya kutia saini kwamba inajulikana nani atalipa mwaka wa kwanza baada ya mradi kufungwa. Maji baridi yaliyo chini ya kisiwa cha matumbawe, yakishaingiliwa na chumvi, huchukua muda mrefu kupona, na pengine yasipone. Huo ni udharura wa kweli. Mfumo wa takwimu za mazingira wa kikanda unaweza kusubiri; na hata ukija sasa, nani atauingizia takwimu?

Nitaambiwa kwamba kwa kanuni hiyo maji yatashinda kila mara, na ndege, matumbawe na misitu havitapata zamu. Pingamizi hilo ni zito, lakini linadhani kwamba mambo hayo yametengana, kumbe yaliyotengana ni madirisha. Nzwani, kisiwa cha Komoro chenye milima na watu wengi, mito mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kwa sababu misitu ya vilimani imekatwa. Ukirudisha msitu wa Nzwani umefanya kazi ya bioanuwai, ya ardhi na ya maji kwa jembe moja. Mfuko wa Kijani ulipoidhinisha fedha za maji kwa Komoro 2018, takriban dola milioni 42, ilikuwa nafasi ya kuyaona kama jambo moja. Mradi mkubwa mmoja unaokata katikati ya mafungu humpa afisa ripoti moja badala ya tano, na huo peke yake ni ushindi wa mazingira.

Nitaambiwa pia kwamba ni hatari kuweka kila kitu mahali pamoja. Kweli. Ndiyo maana mambo madogo yasipite kwenye meza ileile. Tangu 1992 GEF ina programu ya ruzuku ndogo inayokwenda moja kwa moja kwa vikundi vya wananchi, ambayo kwa miaka mingi haikuzidi kwa kawaida dola 50,000 kila moja, zinazochaguliwa na kamati ya ndani ya nchi ambamo wasio wa serikali ndio wengi. Kikundi cha kupanda mikoko hakihitaji afisa mratibu wa kitaifa. Kinahitaji mtu wa kuwaamini, koleo na boti. Pale penye mfuko wa ndani kama wa Shelisheli, ndiyo kazi yake hiyo.

Ninachotaka zaidi, na najua ndicho kitakachopingwa zaidi, ni orodha ya yaliyokataliwa. Kila mzunguko serikali itangaze bungeni barua ambazo haikuziandika: mradi gani uliletwa, na nani, na kwa nini umeambiwa hapana. Mkakati wa vipaumbele usio na hata jambo moja lililokataliwa hauna tofauti na daftari la wageni. Orodha hiyo ingewapa maafisa kinga, maana leo anayekataa hubeba lawama peke yake. Na ingewafundisha mashirika kuja kuuliza kabla ya kuandika.

Swali la mwisho ni nani ashike kalamu. Katika nchi nyingi barua ya kuridhia hutiwa saini wizara ya mazingira, ilhali bajeti ya kukarabati pampu, kununua betri mpya za umeme wa jua na kulipa askari wa hifadhi iko wizara ya fedha. Wanaoahidi siyo wanaolipa. Visiwa vya Cook vilichukua njia nyingine: wizara yao ya fedha ndiyo iliyopata ithibati ya kupokea fedha moja kwa moja kutoka Mfuko wa Kijani, bila shirika la kati. Mikronesia ilipitia mfuko wake wa amana wa uhifadhi, Antigua na Barbuda idara yake ya mazingira. Ithibati hiyo huchosha. Inadai taratibu za ununuzi, ukaguzi na ulinzi wa jamii ambazo hata nchi kubwa hujikwaa nazo, na kwa taifa dogo ni miaka ya kazi kabla ya senti moja kuingia. Kama ningelazimika kutaja mradi mmoja mkubwa wa mzunguko ujao kwa nchi ambayo bado haina mlango wake, ningetaja huo, pamoja na mishahara ya watu watatu au wanne wa kuusimamia walioajiriwa na serikali kwa mkataba wa kudumu, siyo kwa mkataba wa mradi.